Namba Moja, Nakala Moja: Kuorodhesha Maktaba ya Shule na Kuiunganisha na Vitabu vya Kidijitali

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari aliyekabidhiwa maktaba huku vipindi vyake darasani vikiwa palepale. Tunachukulia ana vitabu kati ya 500 na 3,000, kompyuta moja, umeme unaokatika na intaneti ya kubahatisha. Mifano ni ya Tanzania, ila kazi yenyewe haibadiliki ukivuka mpaka kwenda Kenya au Uganda.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: kila nakala ipewe namba yake, na namba hiyo iwe ileile ndani ya kitabu, daftarini na kwenye kompyuta. Hapo pakilegea, programu yoyote utakayoiweka baadaye itakuhesabia vitabu usivyoweza kuvishika mkononi.

Anza na daftari

Nunua kaunta buku la kwaya nne, lenye jalada gumu. Litakuwa daftari la mapokezi. Chora safu nane zikivuka kurasa mbili zinazotazamana: namba ya nakala, tarehe ya kupokelewa, mwandishi, kichwa, mchapishaji na mwaka, kilikotoka (serikali, kununuliwa, msaada), bei, na maelezo. Kitabu cha kwanza ni 00001, kinachofuata 00002, na kuendelea bila kurudi nyuma. Usianze upya kila Januari.

Wengi huuliza kwa nini daftari jingine wakati shule ina leja ya bohari. Leja inajua kwamba ziliingia nakala 80 za Fizikia Kidato cha Pili. Haijui ni ipi kati ya hizo 80 iliyo kwa mwanafunzi aliyehama wiki iliyopita. Daftari la mapokezi linajua, kwa sababu nakala hiyo ni 00412 na si nyingine.

Namba haitumiki mara mbili. Kitabu kikipotea, piga mstari mmoja mwekundu, andika tarehe na sababu, kisha iache namba ipumzike. Ukimpa kitabu kingine namba ya kilichopotea, kumbukumbu za zamani za kuazima zitamhesabia mtu deni la kitabu ambacho hajawahi kukiona.

Kabla ya kuandika, chambua. Vilivyoliwa na mchwa au kuota ukungu vitenge mbali, maana ukungu huhama. Vya mtaala wa zamani bakisha nakala moja au mbili za rejea. Mtaala ulioboreshwa unatekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, na rafu zilizojaa vitabu vya muhtasari uliopita humficha mwanafunzi kile anachokihitaji. Vitabu vya serikali ni mali ya umma: vitenge na uviorodheshe, lakini visichomwe wala kugawiwa mpaka utaratibu wa kufuta mali ufuatwe kupitia kwa mkuu wa shule.

Kisha gonga muhuri mahali patatu: nyuma ya ukurasa wa kichwa, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa siri ulio uleule kwa vitabu vyote, mathalani wa 17. Anayeiba kitabu huchana ukurasa wa mbele. Wa 17 hauwazi. Andika namba ya nakala chini ya kila muhuri. Kwenye karatasi inayong'aa, wino hukawia kukauka, kwa hiyo kiache kitabu wazi dakika chache, la sivyo muhuri utahamia ukurasa wa pili.

Kuainisha: Dewey, lakini si yote

Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unagawa elimu yote katika mafungu kumi, 000 hadi 900. Toleo kamili ni kubwa kuliko mahitaji ya shule. Namba hizi hubeba sehemu kubwa ya maktaba ya sekondari: 220 Biblia, 297 Uislamu, 320 siasa, 330 uchumi, 420 lugha ya Kiingereza, 496.392 lugha ya Kiswahili, 510 Hisabati, 530 Fizikia, 540 Kemia, 570 Biolojia, 580 mimea, 590 wanyama, 630 kilimo, 657 uhasibu, 820 fasihi ya Kiingereza, 896.392 fasihi ya Kiswahili, 910 jiografia, 960 historia ya Afrika. Historia ya Tanzania ni 967.8, ya Kenya 967.62, ya Uganda 967.61.

Fasihi ya Kiswahili usiirundike mahali pamoja, maana ndiyo inayoombwa kila siku. Ongeza tarakimu moja tu: 896.3921 ushairi, 896.3922 tamthilia, 896.3923 riwaya na hadithi. Mwalimu akituma darasa lizima kutafuta tamthilia, watakwenda rafu moja. Dewey, kwa asili yake ya Marekani ya karne ya 19, aliuachia Ukristo nafasi kubwa na kuubana Uislamu kwenye 297. Shule ya Pemba au Lamu itaona rafu nzima yenye namba moja, kwa hiyo hapo shuka chini zaidi: 297.122 kwa Qurani, 297.63 kwa sira ya Mtume. Kwingineko usivuke tarakimu moja au mbili baada ya nukta, isipokuwa pale rafu inapofurika.

Ukikwama na namba ya kitabu fulani, itafute ISBN yake (namba ya kimataifa inayochapwa kwenye kitabu) kwenye katalogi ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, ndiyo maana vitabu vingi vya Dar es Salaam na Nairobi vimo, mara nyingi na namba ya Dewey. ISBN za Tanzania mara nyingi huanza na 9976 au 9987 baada ya 978, za Kenya na 9966. Vitabu vya kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu kumi isiyo na 978; iandike kama ilivyochapwa. Vya miaka ya 1970 vingi havina kabisa.

Wafundishe wasaidizi wako kupanga nukta, maana hapa ndipo rafu nyingi huharibikia. Baada ya nukta, tarakimu husomwa moja moja kutoka kushoto. 967.62 hutangulia 967.8, kwa kuwa 6 ni ndogo kuliko 8. Mwanafunzi asiyeambiwa atasema 62 ni kubwa kuliko 8, na Kenya yote ataisukuma nyuma ya Tanzania.

Chini ya namba ya Dewey huwekwa herufi tatu za jina la mwisho la mwandishi. Majina ya pwani yana mtego wake. Zanzibar imetoa waandishi watatu ambao vidato husoma na maktaba huchanganya: Said Ahmed Mohamed, Mohamed Suleiman Mohamed na Muhammed Said Abdulla. Wawili wa kwanza wote ni MOH, kwa hiyo ongeza herufi ya jina la kwanza: MOH-S na MOH-M. Wa tatu ni ABD. Tena jina hilohilo huonekana kama Mohamed, Mohammed au Muhammed, kutegemea jalada. Chagua tahajia moja kwa kila mwandishi, iandike kwenye orodha yake, na usiibadili hata jalada lijalo likikushawishi.

Lebo isiyobanduka

Lebo ya mgongoni ina mistari mitatu: namba ya Dewey, herufi za mwandishi, na namba ya nakala. Ibandike sentimita 3 kutoka chini, vitabu vyote urefu uleule, ili jicho lisome rafu kwa mstari mmoja. Kitabu chembamba kisicho na mgongo, lebo yake hukaa kona ya chini kushoto ya jalada la mbele.

Chapa kwa printa ya leza. Wino wa printa ya kawaida huyeyuka kwa jasho la vidole, na kwa unyevu wa Tanga au Mombasa haumalizi muhula wa pili. Kama huna leza, mwandiko safi wa kalamu ya wino usiofutika ni bora. Funika lebo kwa selotepu pana ya kufungia maboksi, ipite lebo sentimita 2 kila upande. Selotepu nyembamba ya ofisini hugeuka njano, gundi yake huvuja kwa joto, na vitabu hushikana rafuni.

Jedwali la kompyuta

Sasa, na si kabla ya hapa, fungua Excel au LibreOffice Calc. Tengeneza kurasa mbili. Ya kwanza, Vichwa, ina mstari mmoja kwa kila kitabu kama kazi ya mwandishi, hata kikiwa na nakala nyingi: namba ya kichwa, kichwa, mwandishi, mchapishaji, mwaka, toleo, ISBN, Dewey, lugha, somo, kidato, maneno ya kutafutia, aina. Ya pili, Nakala, ina mstari mmoja kwa kila kitabu cha kushikika: namba ya nakala, namba ya kichwa, namba ya rafu (Dewey na herufi za mwandishi), mahali kilipo, hali yake. Nakala 120 za Hisabati Kidato cha Pili ni mstari mmoja kwenye Vichwa na mistari 120 kwenye Nakala. Anayeandika kichwa hicho mara 120 atakikosea kwa namna kadhaa, na kila kosa litageuka kitabu kipya.

Kabla ya kuandika chochote, chagua safu za namba ya nakala, ISBN na Dewey, uzipange ziwe maandishi. Ukisahau, Excel itafuta sifuri za mbele na 00412 itakuwa 412. ISBN ya tarakimu 13 itaonekana kama 9.78E+12, na 016.50 itabaki 16.5. Ukishahifadhi, sifuri zilizofutwa hazirudi.

Kwa mwandishi, somo, lugha na aina, weka orodha ya kuchagua ili mwandishi wa data asichape mwenyewe. "Kiswahili" na "Kisw." kwa macho ni kitu kimoja, lakini kichujio kikipewa neno moja, huleta sehemu tu ya vitabu vyako.

Alama ya ng' nayo ina mtego. Programu za kuandikia hugeuza kistari kilichonyooka kuwa kilichopinda, na ng'ombe wa kistari kilichonyooka anaweza asionekane ukimtafuta kwa kilichopinda. Zima mageuzi hayo kwenye mipangilio ya usahihishaji, halafu pitia jedwali lote kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Vichwa vya Kiswahili vipange kwa neno la kwanza kama lilivyo. Vya Kiingereza vinavyoanza na The au A, vipange kwa neno linalofuata.

Safu ya maneno ya kutafutia ndiyo inayostahili muda wako zaidi. Mwanafunzi hatafuti 570. Anatafuta alichosikia darasani. Sekondari zetu hufundisha Biolojia kwa Kiingereza, huku mtoto ametoka shule ya msingi akiijua mada kwa Kiswahili. Kwa hiyo andika yote mawili: usanisinuru na photosynthesis, mmeng'enyo na digestion. Chukua maneno matatu hadi sita kutoka kwenye muhtasari wa somo, si kutoka kichwani mwako. Kitabu chenye maneno hayo huazimwa. Kisicho nayo hukaa.

Kwa kasi ya kawaida, watu wawili, mmoja akisoma na mwingine akichapa, hutumia dakika tatu hadi nne kwa kichwa kipya na chini ya dakika moja kwa nakala ya ziada. Kila baada ya vitabu 50, simama: chukua vitano bila kuchagua na ulinganishe kitabu, daftari na jedwali. Ukikuta kosa, rudia 50 zote. Ni afadhali kuliko kuligundua ukiwa kitabu cha 1,900.

Jedwali kuu liwe moja, kwenye kompyuta moja. Wawili wakifanyia kazi nakala mbili tofauti, hakuna njia nyepesi ya kuziunganisha. Kila Ijumaa hifadhi nakala rudufu yenye tarehe kwenye jina la faili: moja kwenye flashi inayofungiwa ofisi ya mkuu wa shule, moja nje ya shule kwa barua pepe au hifadhi ya mtandaoni. Orodha ya wanaoazima iweke kwenye faili lake, na usiibandike ukutani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na majina ya watoto ni taarifa binafsi.

Vitabu vya kidijitali

Kosa la kawaida ni kuwa na katalogi ya karatasi huku na folda la PDF kule. Mwanafunzi atatafuta mahali pamoja tu. Kila faili lipewe namba kama kitabu, lakini lianze na D: D0001, D0002. Liingie kwenye ukurasa uleule wa Vichwa, na kwenye Nakala mahali pake pawe njia ya folda au anwani ya mtandao. Ongeza safu moja: leseni.

Vyanzo vya kuanzia si vingi. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada. Kenya wana mkusanyiko wa KICD, taasisi yao ya kukuza mitaala. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo ni hazina isiyotumika vya kutosha: zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi. African Storybook ina hadithi za watoto za kuchapa, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria. Programu ya Kiwix hubeba Wikipedia, hata ya Kiswahili, na ya Kolibri hubeba video na mazoezi. Vyote viwili hufanya kazi bila intaneti.

Leseni usiipuuze. Huria ya CC BY inakuruhusu kunakili na kusambaza ukimtaja mwenye kazi. Yenye NC inakataza biashara. Kitabu kuweza kusomwa bure mtandaoni si ruhusa ya kukisambaza. Usipoona ruhusa imeandikwa, weka kiungo kwenye katalogi na usiweke nakala kwenye seva (kompyuta inayogawia vifaa vingine maudhui). PDF zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi zikiwa vitabu vilivyopigwa picha kurasa kwa kurasa, ziache; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haimsamehi mwalimu kwa sababu ya nia njema.

Majina ya mafaili yawe mafupi, bila nafasi: FIZ-K3-umeme-2019.pdf. Lifungue kila faili mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kuliorodhesha, kwa sababu upakuaji uliokatika huacha faili lenye jina zima na mwili nusu. Kisha lijaribu kwenye kishikwambi dhaifu kuliko vyote ulivyonavyo. Kitabu kilichoskaniwa chenye MB 80 hufunguka vizuri kwenye kompyuta ya mwalimu na kuganda mkononi mwa mwanafunzi.

Seva ya chumbani

Watu hukimbilia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ni nzuri, ila kwa mara ya kwanza tungechagua kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4 na diski ya GB 500, kwa sababu ina betri yake. Pi ya nne inataka volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja ya simu hujizima na kuwaka ovyo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi ya memori huharibika. Tena haina saa inayoendelea ikizimwa, kwa hiyo bila intaneti tarehe za ripoti za Kolibri huwa za uongo.

Weka kompyuta kwenye ruta ya kawaida, waya kwa waya, intaneti haihitajiki. Iagize isilale ikifunikwa. Kwenye ruta, ifungie anwani moja ya kudumu, mathalani 192.168.0.10. Usipofanya hivyo, siku moja ruta itaigawia anwani nyingine na bango ulilobandika ukutani litakuwa linaelekeza pasipo na kitu. Kolibri hutumia mlango (port) 8080. Mpe Kiwix mwingine, kama 8090, zisigombane. Wanafunzi wataandika 192.168.0.10:8080 kwenye kivinjari. Jedwali lako la Vichwa, likihifadhiwa kama ukurasa wa wavuti au PDF, nalo liwekwe humo.

Maudhui pakua mjini au usiku kwa bando, kisha yabebe. Hapa wengi hukwama bila kujua sababu: flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye zaidi ya GB 4. Faili la Wikipedia kubwa litakataa kuingia hata flashi ikiwa tupu. Iumbize upya kwa exFAT. Wikipedia ya Kiingereza nzima na picha zake hufika kiasi cha GB 100. Chukua toleo lisilo na picha, au mkusanyo wa mada za shule. Ya Kiswahili ni ndogo, ichukue nzima.

Video darasa zima lisifungue kwa pamoja. Ruta ya nyumbani huanza kuzidiwa vifaa vikifika 10 hadi 15 vyenye video. Gawa darasa: nusu wasome maandishi, nusu watazame, kisha wabadilishane.

Koha, na wakati wake

Koha ni programu ya bure ya kuendesha maktaba iliyotoka New Zealand, iliyoanza kutumika mwaka 2000. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Ni imara, lakini hukaa kwenye Linux na hutaka mtu wa kuitunza. Kwa vitabu 800 jedwali linatosha. Vikizidi elfu kadhaa na ukawa na mtu anayeijua Linux, ndipo uhame.

Jedwali safi hurahisisha kuhama. Tumia programu ya MarcEdit kugeuza safu kuwa rekodi za MARC, muundo ambao programu za maktaba husoma, kila taarifa ikiwa na msimbo wake: ISBN kwenda 020$a, Dewey 082$a, mwandishi 100$a, kichwa 245$a, mchapishaji 260$b. Kila nakala huingia 952: namba ya nakala kwenye $p, namba ya rafu $o, maktaba $a na $b, aina $y. Rekodi nyingi hukataliwa kwa sababu msimbo wa maktaba au wa aina haujaundwa kwanza ndani ya Koha, au umeandikwa kwa herufi ndogo wakati kule ni kubwa. Ingiza kumi za majaribio, zitazame moja moja, azimisha mbili na uzirudishe, ndipo uingize zilizobaki.

Desemba, wanafunzi wakiwa likizo

Panga ukurasa wa Nakala kwa namba ya rafu, uchapishe, na upite rafu kwa rafu na mwenzako: mmoja asome lebo, mwingine aweke tiki. Kilichopo bila kuwa kwenye orodha kiweke mezani. Kilicho kwenye orodha bila kuwepo kiandikie "hakikuonekana 2025" na usikifute bado. Vingi huwa kwenye madawati ya walimu na hurudi Januari. Kisipoonekana ukaguzi wa pili, ndipo mstari mwekundu upigwe. Faili za D nazo zikaguliwe hivyohivyo: bonyeza kila kiungo, maana tovuti huhamisha kurasa bila kumwarifu mtu, na kiungo kilichokufa kiandike kwenye safu ya hali siku hiyohiyo.